Mzigo Uliokatwa Vipande: Kwa Nini Simu ya Kikundi Inaomba Marekebisho

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Busia na Malaba. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa kusema juu ya simu na kompyuta. Lakini simu na kompyuta ni jambo pana, na nikilifuata lote tutalala hapa. Kwa hiyo nitalijibu swali moja tu ambalo waweka hazina wengi wanauliza: kwa nini hii simu ya kikundi kila mara inatuambia tuweke apdeti, na kwa nini tumalize bando kwa kitu ambacho hata hatukioni? Wengine wanasema ni ujanja tu wa kutuuzia bando. Wengine wanabonyeza "baadaye", halafu "baadaye", mpaka mwaka unaisha.

Nitajibu, lakini lazima kwanza tupite mpakani. Huko ndiko mtaelewa upesi kuliko watu wa Nairobi.

Sisi hapa tunajua kupitisha mzigo. Hata hilo jina boda boda lilizaliwa kwetu, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati baiskeli zilikuwa zikibeba watu na vitu kupita kile kipande kilicho katikati ya lango la Kenya na lango la Uganda. Sasa niambieni: una magunia 20 ya mahindi, na baiskeli moja inabeba gunia moja. Utafanya nini? Utagawa. Utaita vijana 20, na kila mmoja utampa karatasi: wewe ni gunia la kwanza, wewe la pili, mpaka la ishirini. Mwingine atapita upesi, mwingine atapasukiwa na gurudumu, wa saba atafika kabla ya wa tatu. Haidhuru. Yule mtu wako wa upande wa pili atasoma karatasi na kupanga magunia kwa utaratibu, na akiona gunia la tisa halipo atauliza.

Basi intaneti ni hiyo. Picha unayomtumia mtoto wako Kampala haiendi nzima. Inakatwa kuwa mafungu madogo yanayoitwa pakiti, na kila pakiti imebandikwa karatasi mbele: natoka wapi, naenda wapi, urefu wangu ni huu. Tena msidhani ni habari ya mbali. Waya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, faiba iliendelea bara mpaka Uganda, na inavukia hapa hapa Malaba na Busia. Pakiti za Kampala zinapita chini ya miguu yetu usiku na mchana, bila foleni na bila kuulizwa kitambulisho.

Sheria ya hizo pakiti iliandikwa Marekani na kutolewa Septemba 1981. Inasema pakiti moja isizidi baiti 65,535. Baiti moja ihesabuni kama herufi moja. Kwa nini hesabu ya ajabu namna hiyo? Ni kama fomu ya forodha yenye visanduku vitano vya kuandikia uzito: kubwa unayoweza kuandika ni 99,999, ukizidisha moja hakuna mahali pa kuiweka. Kompyuta nayo ilipewa visanduku 16 vya kuandikia urefu, na kwa namna yake ya kuhesabu vinajaa kwenye 65,535. Ishikeni hiyo namba, tutaikuta tena.

Sasa, waya nyingi za ofisini hazibebi zaidi ya baiti 1,500 kwa mara moja. Kwa hiyo pakiti kubwa ikifika kwenye njia nyembamba inakatwa tena vipande, na kila kipande kinaandikwa: mimi naanzia baiti ya ngapi. Anayepokea anavikusanya na kuviunga. Na hapa nataka msikilize vizuri. Anayeviunga si ile programu unayoiona kwenye kioo. Ni programu kuu, ile inayoendesha mashine yote, inayoamua nani atumie kumbukumbu na nani angoje. Programu ya kuandikia barua ikianguka, unaifungua tena. Programu kuu ikianguka, mashine yote imezimika.

Mwaka wa 1983 fundi mmoja Mmarekani, Mike Muuss, alitengeneza kiprogramu kidogo cha kupiga hodi. Kinatuma pakiti ndogo kwa kompyuta nyingine: upo? Nayo inajibu: nipo. Kinaitwa ping, na hadi leo mafundi wote wanakitumia. Hakuna kitu kipole kuliko ping. Lakini mwishoni mwa 1996 watu waligundua kwamba unaweza kuiua kompyuta kwa hodi hiyo hiyo.

Ilikuwa hivi. Kufuatana na sheria, kipande cha mwisho kabisa kinaweza kuanzia baiti ya 65,528. Kutoka hapo mpaka mwisho wa kipimo zimebaki baiti saba tu. Lakini hakuna aliyemzuia mtumaji kuweka kwenye kipande hicho baiti mia tano au elfu moja. Kila kipande peke yake ni halali. Kila baiskeli ikipita kwenye mizani iko sawa. Aliyepokea alikuwa ametayarisha ghala la 65,535 na si zaidi, na yeye akaunga tu, akaunga, mpaka mzigo ukafurika ukamwagikia chumba cha jirani, mahali ambapo mashine imeweka mambo yake mengine. Ikafa papo hapo. Windows 95 ilianguka, Macintosh ikaanguka, UNIX za namna nyingi, Linux, hata mashine za kuchapisha zilizounganishwa na waya. Wakaiita Ping ya Mauti.

Kumbe marekebisho yake ni kitu kidogo cha kuchekesha. Kabla ya kuunga, uliza swali moja: mwanzo wa kipande hiki ukijumlishwa na urefu wake, unapita 65,535? Ukipita, tupa. Ni hayo tu. Kwa Linux, ambayo mwandiko wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, dawa ilitolewa kwa muda wa saa chache.

Mngefikiri yameisha. Mwaka uliofuata, 1997, ukaja mtego mwingine, jina lake Tone la Chozi. Huu naupenda zaidi kwa sababu unafundisha tabia ya mafundi, na ya waweka hazina pia. Kipande cha kwanza kinasema: mimi nabeba kutoka 0 mpaka 36. Cha pili kinasema: mimi naanzia 24 na kuishia 28. Mmeona? Cha pili kimo tumboni mwa cha kwanza. Programu ikaona vimegongana, ikasema, haya, nitakisogeza hiki cha pili kianzie 36 pale mwenzake alipoishia. Halafu ikatafuta urefu: mwisho toa mwanzo, 28 toa 36. Jibu?

(Mmoja wa vijana akajibu: nane, deni.)

Deni la nane, ndiyo. Chini ya sifuri. Lakini sehemu ya programu inayohamisha mzigo haijui deni. Kwake kila namba ni mali. Nane ya deni aliisoma kama 4,294,967,288, akaanza kuhamisha baiti bilioni nne kwenye mashine isiyo na hata robo ya nafasi hiyo. Mashine ikazimika.

Na ajabu ni kwamba ulinzi ulikuwepo. Fundi alikuwa ameuliza: kipande hiki ni kikubwa mno? Hakuuliza: kipande hiki ni kidogo mno? Alitazama mlango mmoja. Hata kwenye daftari la kikundi ni vivyo hivyo: tunamkagua sana mtu aliyeandika pesa nyingi, na yule aliyeandika namba isiyowezekana kwa upande wa chini anapita akitabasamu.

Sasa tunaruka miaka ishirini. Mtaniuliza, hayo si mambo ya zamani, ya kompyuta kubwa kama kabati? Agosti 2018 Mfini mmoja, Juha-Matti Tilli, alitangazwa kuwa amepata kasoro nyingine kwenye Linux, mahali pale pale pa kuunga vipande. Safari hii mashine haikuanguka, ilichoka. Mnakumbuka Mei 2020, malori yalipopanga foleni ya makumi ya kilomita kutoka Malaba kwa sababu kila dereva alikuwa lazima apimwe korona? Barabara ilikuwa nzima. Daraja lilikuwa zima. Ilikuwa tu kwamba kazi ya kumshughulikia mtu mmoja imekuwa ndefu. Ndivyo ilivyokuwa. Mtumaji mbaya alikuwa akituma vipande visivyokamilika, kimoja hapa kimoja kule, na kwa kila kipande kipya programu ilikuwa ikipitia orodha ndefu ya vipande vyote vilivyokuwa vikingoja ili kujua hiki kikae wapi. Pakiti chache tu zilitosha kuchosha mashine kubwa. Na kasoro hiyo ililetwa na nia njema: miaka kadhaa nyuma walikuwa wameongeza ghala la vipande vinavyongoja, ili lisijae upesi. Ghala likawa kubwa, orodha ikawa ndefu, karani akachoka.

Walirekebisha namna mbili. Kwanza walipanga upya ile orodha, ili karani asiipitie yote. Pili, na hapa nawasifu, waliamua kwamba vipande vikigongana, kama vile vya Tone la Chozi, mashine isijaribu tena kuvipatanisha. Mzigo wote utupwe, aliyetuma atume upya. Walihitaji miaka 21 kufika hapo. Kwa maoni yangu wangefika mapema zaidi: mtu mwaminifu hana sababu ya kutuma karatasi mbili zinazopingana.

Mwaka wa 2019, mwezi wa Juni, ikaja nyingine, imepatikana na watu wa kampuni ya Netflix, wale wa sinema. Hiyo ilihusu namna mpokeaji anavyomwambia mtumaji: nimepata ya tano na ya sita, ya nne sijaiona. Linux ilikuwa inaunganisha mafungu yanayongoja ili ihesabu kwa urahisi. Fungu likiwa limejaa na limekatwa vipande vidogo vya baiti nane nane, idadi inafika 69,632. Na kisanduku cha kuandikia idadi kilikuwa na mwisho wake. Mwisho wa ngapi?

(Wengi: 65,535!)

Asanteni. Ile ile ya 1996. Kasoro hiyo ilikuwa imeingia mwaka wa 2009, mwaka ule ule waya za baharini zilipofika Mombasa, na ikakaa miaka kumi ikitazamwa na macho elfu na elfu. Ndiyo sababu mimi simwamini mtu anayesema programu yake haina kasoro. Namuuliza tu: ukiipata, unarekebisha kwa siku ngapi, na marekebisho yananifikia vipi?

Sasa turudi kwenye simu ya kikundi. Simu zote za Android, yaani nyingi za hizo za kugusa mlizonazo mfukoni, ndani yake zinaendeshwa na kiini cha Linux. Fundi wa Finland au Marekani akirekebisha leo, marekebisho yanawekwa wazi kwa wote. Lakini kutoka hapo yana safari: waliotengeneza simu yako wayachukue, wayatayarishe kwa aina ya simu yako, wayatume, na wewe uyakubali. Ni kama dawa imefika ghala la wilaya. Mgonjwa hajapona bado. Na wakati huo huo, kwa kuwa marekebisho yako wazi, mtu mbaya naye anayasoma, anajua kasoro iko wapi, na anatafuta nani hajaziba. Siku ile dawa inapotangazwa ndiyo siku asiyeitumia anakuwa katika hatari zaidi kuliko jana.

Nisiwatishe bure. Hizo kasoro nilizozitaja zinazimisha mashine au kuichosha, haziibi. Na yule mama mwenye simu ya kabambe anayetuma M-Pesa kwa menyu ya laini, ujumbe wake haupiti kwenye pakiti hizi za intaneti kabisa. Alale usingizi, aangalie tu namba yake ya siri.

Lakini ziko kasoro za ukoo huo huo ambazo hazizimi mashine, zinamfungulia mtu mlango. Septemba 2017 kampuni inayoitwa Armis ilitangaza kasoro katika namna simu zinavyopokea pakiti za bluetooth. Android zilikuwemo, na kompyuta za Linux na Windows pia. Mtu aliyekaribia, tuseme mita 10, angeweza kuingia kwenye simu bila wewe kubonyeza chochote na bila kukubali chochote, mradi bluetooth imewashwa. Fikirini mweka hazina wetu amesimama sokoni siku ya soko, simu iko kwenye kikapu, ndani mna majina ya wanachama, namba zao, nani anadaiwa ngapi, na picha za vitambulisho vyao. Marekebisho yalitolewa mwezi huo huo. Simu iliyoyapata ilipona. Simu ambayo kampuni yake ilikuwa imeshaacha kuitengenezea marekebisho, hiyo kasoro inatembea nayo mpaka leo, na haina alama yoyote usoni.

Hapo ndipo vikundi vyetu vinapata hasara bila kujua. Tunanunua simu iliyotumika kwa sababu ni ya bei nafuu, au tunapewa kompyuta ya msaada iliyotolewa ofisini mahali fulani, tunashukuru, tunapiga picha. Hakuna anayeuliza kama bado inapokea marekebisho. Mimi nasema kompyuta ya msaada isiyopokea marekebisho mnaweza kuitumia kufundishia watoto kuandika, lakini msiiunganishe na intaneti na msiweke humo daftari la mikopo. Kompyuta za namna hiyo mara nyingi zinaweza kuwekewa Linux mpya, ambayo haina malipo. Tafuteni kijana anayejua, mlipeni, msimwombe afanye bure kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Kwenye simu, fungueni mipangilio, mtafute mahali paliposemwa kuhusu simu, halafu tarehe ya marekebisho ya usalama. Itakuonyesha mwezi na mwaka. Ikiwa ni ya miezi miwili mitatu nyuma, sawa. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma na simu inasema hakuna jipya, basi imeachwa, na kikundi kijue hivyo na kupanga. Tarehe hiyo itazameni pia dukani kabla ya kutoa pesa, muuzaji akikasirika mwacheni na simu yake. Na kile kisanduku cha intaneti kilichopo ukutani ofisini, chenye taa zinazomeremeta, nacho ni kompyuta. Vingi vinaendeshwa na Linux hiyo hiyo, na ni vichache vilivyowahi kuguswa tangu siku vilipofungwa.

Juu ya pesa za bando: liandikeni kwenye bajeti ya kikundi kama mnavyoandika nauli ya kwenda benki. Mkimwachia mweka hazina alipe kutoka mfukoni mwake, atabonyeza "baadaye", na hatuwezi kumlaumu. Marekebisho makubwa yapakuliwe mahali penye wifi mnayoiamini, simu ikiwa kwenye chaji, usiku ambao hakuna kazi. Itajizima na kujiwasha yenyewe, msishtuke. Kabla ya hapo nakilini hesabu za mwezi kwenye daftari la karatasi, lile la jalada gumu. Karatasi haina pakiti.

Jambo la mwisho. Bluetooth izimwe ukishamaliza kutuma wimbo. Naona mama wa Amagoro ameinua mkono tangu nilipoitaja, basi tuanze naye.